Nyumba Yenye Uso wa Mbao

Kuko nyumba moja ambayo vijana wetu wanapenda sana kuitazama kwenye simu. Haiko ya ghorofa nyingi, wala haina nguzo kubwa kama nyumba za wakubwa wa mji. Ni nyumba ya chini, yenye madirisha mapana, na uso wake umevikwa mbao nyembamba zilizosimama moja kando ya nyingine, rangi ya asali. Miti imeachwa mbele na nyuma. Ukiitazama toka mbali, hujui pahali msitu unaishia na pahali nyumba inaanzia. Kijana akirudi toka karieri anaonyesha wenzake ile picha na kusema: "Siku nitapata franga, njo nyumba nitajenga."

Mimi sioni ubaya katika neno hilo. Kijana anayeota nyumba ni afadhali kuliko yule anayemaliza franga yake kwa pombe kabla hajafika kwao. Tena ndoto hii ina akili ndani yake. Mbao iko karibu nasi kuliko sima, ambayo inakuja toka mbali kwa barabara mbovu, na bei yake inapanda njiani. Lakini uso wa nyumba ni kama uso wa mtu: unaweza kusema kweli, na unaweza kudanganya. Kwa hiyo, kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, inafaa tuulize maneno matatu. Ile mbao itadumu? Mti wake umetoka wapi? Na nyuma ya uso ule mzuri, watu wanaishi namna gani?

MBAO SI MGENI KWETU

Wengi wetu tumezoea kuwaza kwamba nyumba ya kisasa ni tofali la kuchoma, sima na mabati tu. Wazo hilo lilitia mizizi katika kambi za madini. Kampuni ya SOMINKI iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni mbalimbali zilizochimba katika Kivu na Maniema, na kwa miaka mingi mtu aliyepewa nyumba ya kampuni alihesabiwa kuwa amefika. Mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Baadaye kampuni ya Banro ilichimba zahabu ya Namoya, hapa kwetu Kabambare. Ikatangaza mwaka 2016 kwamba uchimbaji wa biashara umeanza, na mwaka 2019 kazi ikasimama. Kampuni zinakuja, kampuni zinakwenda. Wazo limebaki vijijini: tofali ni la tajiri, mti ni wa maskini.

Lakini tuangalie vizuri. Ukuta wa udongo tulioujua tangu utoto, hapa Wamaza na katika vijiji vyote vya Kasongo na Kabambare, una nini ndani yake? Una miti iliyosimamishwa, fito zilizolazwa, na kamba za kufunga. Udongo ni nyama tu; mifupa ni mti. Nyumba ile ya kwenye simu haikufanya jambo la ajabu. Imechukua mti uliokuwa ndani, ikauleta nje watu wauone.

Kuvika nyumba nguo ya mbao si desturi ya wazungu peke yao. Pwani ya Waswahili inajulikana duniani kwa milango yake ya kuchongwa. Mji Mkongwe wa Unguja, ambao UNESCO iliuandika mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, una mamia ya milango hiyo. Miimo yake imechongwa maua, minyororo na mawimbi, na katikati kuna mti wa kusimama unaoitwa mfaa, unaofunika pahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Mgeni alisoma mlango kabla ya kupiga hodi. Mlango ulimwambia: hapa anakaa mtu wa namna gani.

Na ile milango ina undugu na sisi wa Maniema, undugu wa furaha na wa machozi.

KITANDA CHA KUCHONGWA CHA KASONGO

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alifika nchi yetu katika miaka ya 1870, na Kasongo ikawa mji mkubwa wa biashara. Mji ule wa kwanza ulikuwa pahali panapoitwa leo Tongoni, yaani kwenye magofu. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Leopold wa Pili, wakiongozwa na Dhanis, waliuteka. Mganga Mwingereza, Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi lile, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Humo anaeleza alivyoshangaa: askari wa kawaida walilala juu ya vitanda vya mti wa kuchongwa, vyenye vyandarua vya hariri. Chumba alichochukua yeye mwenyewe kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani karibu metre 24 kwa metre 4 na nusu, na mlango wake ulifunguka moja kwa moja kwenye bustani ya michungwa, na mbele ya bustani macho yalikwenda mbali sana.

Fikirini, ndugu zangu. Nyumba ya mlango unaofunguka katika bustani, nyumba isiyojitenga na miti, ilikuwa Kasongo miaka zaidi ya 130 iliyopita! Kijana anayedhani kwamba jambo hilo lilizaliwa Ulaya hajaulizia wazee wa kwao.

Lakini inafaa tuseme na upande wa pili. Utajiri wa mji ule ulitoka katika pembe za ndovu na katika kuuza watu. Nyuma ya kitanda cha kuchongwa kulikuwa na kijiji kilichochomwa. Nyuma ya bustani ya michungwa kulikuwa na watumwa walioipanda na kuinyeshea. Tippu Tip alirudi pwani, akafa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake yenye mlango wa kuchongwa ingali inaonyeshwa kwa watalii kule Shangani. Watalii wanapiga picha mlango. Ni wachache wanaouliza jasho lile lilikuwa la nani.

Basi hilo ndilo fundisho la kwanza: uzuri wa mbao hautoshi kutuambia kama nyumba ni nzuri.

ADUI WATATU WA MBAO

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu akipigilia mbao mbele ya nyumba yake bila maarifa, mwaka wa kwanza watu wanamsifu, mwaka wa pili wananyamaza, mwaka wa tatu wanamcheka. Mbao ina adui watatu: maji, mchwa na jua.

Maji ndiye mkubwa wao. Ukungu unaoozesha mbao hauwezi kufanya kazi pahali pakavu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya maji, haiozi. Kwetu mvua inashika sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi chenyewe ni miezi ya Juni, Julai na Agosti tu. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya uso wa mbao si rangi, ni paa. Paa litoke nje ya ukuta karibu metre moja, kama kofia pana juu ya kichwa. Nyumba yenye barza mbele imekwisha kupata nusu ya dawa.

Kinga ya pili ni miguu. Mbao isiguse udongo hata kidogo. Jenga msingi wa mawe au wa tofali la kuchoma, na mbao ianzie juu yake, sentimetre 30 toka chini au zaidi, ili matone ya mvua yanayoruka toka udongoni yasiifikie. Kule Norway kuna kanisa la mbao linaloitwa Urnes, ambalo kuta zake ni za karne ya 12. Kwa nini halijaoza, na theluji na mvua za miaka 800 zimelipiga? Zamani Wanorway walizika nguzo za makanisa ardhini, na zikaoza kama zetu. Kisha wakajifunza kuzisimamisha juu ya miti iliyolazwa juu ya mawe, mbali na udongo. Hiyo tu ndiyo siri. Jiwe kwanza, mti baadaye.

Kinga ya tatu ni pumzi. Usipigilie mbao moja kwa moja juu ya ukuta. Pigilia kwanza fito za kusimama, za unene wa vidole viwili, kisha weka mbao juu ya fito, ili hewa ipite nyuma toka chini hadi juu. Kama mbao zako zitasimama wima, ongeza fito za kulala juu ya zile za kusimama, pahali pa kushika misumari. Mbao iliyolowa mbele na kufungiwa nyuma ni kama mtoto aliyelala na nguo mbichi: atapata ugonjwa tu. Pahali hewa inapoingia, weka wavu wa chuma, panya na nyoka wasifanye makao.

Mchwa naye anapenda kutembea kwa siri, ndani ya njia yake ya udongo. Msingi ulio wazi unamfunua. Mtu akizunguka nyumba yake kila juma na kukwangua njia za mchwa anazoziona, anafanya kazi kubwa kuliko dawa. Lakini mtu anayerundika kuni, majani na udongo kwenye ukuta wa mbao, huyo amewajengea mchwa ngazi kwa mkono wake.

Na jua? Jua linafanya mbao kuwa na rangi ya majivu. Watu wengi wanashtuka na kusema, "Imekwisha kuoza." Hapana, haijaoza. Ni rangi tu ya uzee, kama mvi. Wengine wanaipenda, juu ya kwamba nyumba inafanana na mashina ya miti inayoizunguka. Anayetaka ile rangi ya asali ajue kwamba atapaka mafuta au verni tena na tena, na inafaa aweke franga ya kazi hiyo pembeni tangu mwanzo. Wajapani wana njia nyingine ya zamani: wanachoma uso wa mbao mpaka unakuwa mweusi kama makaa, wanausugua, wanaupaka mafuta. Ule weusi unakinga mbao. Hiyo kazi ifanywe uwanjani kabla ya kujenga, mbali na nyumba za majani, tena na fundi anayejua moto. Mafuta machafu ya moteri, ambayo wengi wanapaka juu ya bei yake ndogo, yana sumu. Yasipakwe pahali watoto wanagusa.

Neno lingine ambalo mafundi wanalijua lakini wenye nyumba hawana uvumilivu nalo: mbao mbichi haijengi. Ipangwe chini ya paa, vijiti katikati ya mbao na mbao, hewa ipite, ikae miezi mingi. Ukipigilia mbao iliyopasuliwa juma lililopita, itajikunja, misumari itang'oka, na mwanga utaonekana katikati. Kisha utamlaumu fundi, na kosa ni la haraka yako.

MTI UMETOKA WAPI?

Mbao inayosifiwa sana katika nchi zetu ni mvule, ule ambao wafanyabiashara wanauita iroko au kambala. Moyo wake, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia, mchwa anaushindwa. Sehemu nyeupe ya nje ni dhaifu, fundi mwaminifu anaiondoa. Lakini mvule hauoti kama muhogo. Mti wa kupasua mbao pana umekula miaka ya maisha ya mtu mzima, na pengine ya baba yake pia. Ukikatwa kwa msumeno wa moteri, unaanguka katika dakika chache.

Sasa tuseme kweli. Nyumba inaitwa rafiki wa msitu, nayo imekata msitu ili kuvaa uso. Urafiki gani huo? Tazameni kandokando ya mito yetu, pahali karieri zimefunguliwa. Miti mikubwa imekwenda kwa kujenga, kwa makaa, kwa kushikilia mashimo. Mama wanaochota maji wanajua kuliko wote, kwa maana chemchemi iliyokuwa chini ya kivuli sasa inakauka upesi wakati wa kiangazi.

Sheria ya misitu ya Kongo, ile nambari 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inatambua haki ya wenyeji kutumia msitu wao kwa mahitaji ya nyumbani. Lakini kukata miti ya kuuza kunaomba kibali. Kwa hiyo unaponunua mbao, uliza kibali, uliza na wenye ardhi kama walilipwa. Mbao ya wizi haiwi safi kwa kupakwa verni.

Kisha panda. Anayekata mmoja apande mitano, na ailinde na moto wa kiangazi. Mvule ukipandwa peke yake katika shamba moja, kuna mdudu mdogo anayevimbisha majani yake machanga na kuudumaza. Afadhali kuuchanganya na miti mingine, pembeni ya shamba na chini ya kivuli kidogo. Na uso wa nyumba si lazima uwe mvule mtupu. Weka mvule pahali pa hatari, chini na kwenye kona. Juu, chini ya kofia ya paa, mti mwepesi unaoota upesi unaweza kutosha, ukikaushwa vizuri.

Ikiwa mtu anawaza kwamba haya hayawezekani katika Kongo yetu, asikie habari za Ilima. Ni kijiji cha mbali, kaskazini-magharibi ya nchi, katika msitu wa bonobo. Mwaka 2015 shule ya msingi ilimalizika kujengwa huko, kazi ya shirika la AWF pamoja na wajenzi wa MASS Design Group. Barabara ya kuleta mizigo ni taabu tupu, kama kwetu. Basi walijenga kwa vitu vya hapohapo: kuta za udongo wa pale, na paa la vigae vya mbao vilivyopasuliwa na watu wa pale. Shule inasimama kati ya kijiji na msitu, na wenyeji walijifunza kazi ambayo wanaweza kuirudia bila kungoja mgeni. Hiyo ndiyo nyumba inayofanana na nchi yake.

USO NA MGONGO

Nimeacha neno gumu mpaka mwisho. Tuseme baba mmoja amerudi toka Salamabila na franga mkononi. Anamwita fundi, anaagiza mbao za mbele. Jioni mazungumzo yanaanza:

"Mama ya watoto, watu wakipita barabarani watasimama."

"Watasimama waone nini, baba ya watoto? Mvua inaingia kwenye kitanda cha watoto. Jikoni hakuna dirisha, moshi unaniua macho."

"Hayo ya ndani nani atayaona?"

"Mimi nayaona. Watoto wanayaona."

Jibu hilo la mama ni hekima tupu. Nyumba ina uso mmoja kwa wapita njia, lakini mgongo na tumbo lake ni kwa wale wanaolala ndani. Nabii Hagai aliwakemea watu waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku jambo la kwanza limeachwa magofu. Na Yeremia, katika sura ya 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu, aliyejenga jumba la vyumba vipana, akalivika mierezi na kulipaka rangi nyekundu, lakini hakuwalipa wafanyakazi wake. Nabii hakuchukia mwerezi. Sulemani alivika hekalu mwerezi uliochongwa maua na mitende, na hakuna aliyemlaumu kwa uzuri ule. Yeremia alichukia mshahara uliokwama nyuma ya mbao.

Kwa hiyo wewe unayejenga, mlipe fundi wako siku mliyopatana. Mpasua mbao aliyekaa juma zima katika vumbi la msumeno, naye ana watoto. Na franga ya karieri ina miguu. Leo iko, kesho shimo limefungwa au maji yameingia. Ifuate njia hii: kwanza msingi wa mawe na paa pana, pili madirisha ya vyumba vya kulala na jiko lenye kutoa moshi, tatu choo na pahali pa kuchota maji ya mvua toka paani, nne miche ya miti imekwisha kupandwa. Kisha, kama kitu kimebaki, vika uso mbao, uuchonge, uupendeze macho. Hata kama itakuwa kipande kidogo cha barza tu, au mlango mmoja uliochongwa na kijana wa kijiji, itakuwa mapambo ya kweli, kwa sababu yanasema nje kile kilichoko ndani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tumefanya kwa macho ya watu, na ni kitu gani kwa afya ya watoto?

2. Mama akipewa kuchagua kazi ya kwanza ya kutengeneza, atachagua nini? Amekwisha kuulizwa?

3. Kuko fundi au mpasua mbao ambaye bado tunamwia deni?

4. Miti ya nyumba hii ilikatwa wapi, na ni nani katika familia atakwenda kupanda mingine mvua zikianza?